Nachora, nauzia watalii Bagamoyo: blogu itanisaidia kuuza?

Swali limetoka kwa msomaji wa Bagamoyo, nimelifupisha kidogo:

"Kaka shikamoo. Mimi nachora, nilisoma sanaa hapa hapa TaSUBa, natumia rangi za mafuta na akriliki, nachora majahazi, wanyama wa staili ya Tingatinga na maisha ya pwani. Picha nyingi nampelekea mwenye duka Stone Town, ananipa elfu sabini kwa picha ambayo yeye anaiuza laki mbili na nusu. Insta nina wafuasi ila wanalaiki tu, hanunui mtu. Shoga yangu kanambia nifungue blogu niuze mwenyewe mpaka nje ya nchi. Je ni kweli inalipa? Naanzaje, naandika nini, na mzungu akitaka picha atanilipaje na itamfikiaje?"

Marahaba mdogo wangu. Inalipa, ila sio kwa ile njia anayoifikiria shoga yako. Yeye anaona utafungua leo, utaweka picha kumi, alafu kuna mtu yuko zake Stockholm anatafuta picha ya jahazi atakukuta wewe na kulipa. Huyo mtu usimtegemee, kabla hajakufikia atapita kwenye maduka kibao ya mtandaoni yenye hela ya matangazo. Wa kumfikiria ni mwingine kabisa, ni yule aliyeshanunua. Kila picha yako iliyotoka Stone Town iko ukutani kwa mtu saivi, wageni wake wanakuja wanauliza hii umeitoa wapi, anajibu Zanzibar, basi, yameisha. Hajui jina lako, hajui mchoraji anakaa Bagamoyo, hajui hata kama ni mwanamke. Akitaka ya pili ampe dada yake hana pa kuanzia. Hiyo ndo biashara inayokupita, na kazi ya blogu kwa mtu kama wewe ni kuidaka hiyo kwanza, wageni wasiokujua watafuata baadae au wasifuate, sio shida.

Kwaiyo kabla hujafungua chochote anza na mgongo wa picha. Chukua kipande cha karatasi nzito, andika jina lako lote, jina la picha, vipimo, rangi uliyotumia, mwaka, namba ya kazi na anuani ya blogu, bandika kwenye mbao za fremu kwa nyuma. Usiandike kwa maka pen moja kwa moja mgongoni mwa kitambaa, ule wino unapenya na baada ya muda unaweza kutokea mbele katikati ya anga lako la bluu. Kama picha inaenda imekunjwa bila fremu, andika kwenye ule ukingo wa kitambaa unaobaki nje ya mchoro. Namba ya kazi iwe rahisi tu, mwaka alafu namba, na namba hiyo hiyo iwe kwenye daftari lako na kwenye ukurasa wa hiyo picha kwenye blogu. Mtu akiandika "nina namba 31 ya mwaka juzi nataka ndugu yake" we unafungua daftari unaiona.

Najua unawaza mwenye duka atabandua karatasi. Atabandua kweli kama anaona unamzunguka. Hapa nikae kidogo maana watu wengi wanaharibu hapa.

Picha inauzwa 250,000, wewe unapata 70,000, yeye anabaki na 180,000 ambayo ni asilimia 72. Nyumba nyingi za sanaa huko duniani zinachukua asilimia 40 mpaka 50, kwa hesabu hiyo jamaa anakukamua. Lakini jiulize kwanza anakulipa lini. Kama anakupa hela mkononi siku unayoleta, basi hatari kaibeba yeye, picha ikikaa dukani mwaka mzima ikapauka ni hasara yake na kodi ya chumba cha duka Stone Town sio ya kitoto, hapo hata akichukua zaidi ya nusu siwezi kumlaumu sana. Kama hakulipi mpaka picha iuzwe, yaani mali yako imekaa kwake bure na bado anachukua 72, huyo anakuonea na unatakiwa umwambie, kwa heshima, kwamba kuanzia mzigo ujao ni nusu kwa nusu na mnaandikishana idadi. Sasa kosa linalofanywa na wachoraji wakishafungua blogu ni kuweka ile picha ya laki mbili na nusu kwa laki moja, wanaona wamempiku mwenye duka. Watalii wana simu bwana! Mtu anasimama dukani, anasoma jina kwenye picha, anatafuta, anakuta bei chini ya nusu, mwenye duka akijua hilo hachukui tena kazi yako na wenzake wa mtaa mzima anawaambia. Bei iwe moja kila mahali. Ukiuza mwenyewe ile tofauti yote ni yako, hiyo ndo faida, sio kumkata bei mtu anayekuletea wateja. Ukimweleza hivyo, na ukimwambia mteja aliyenunua kwake akirudi kwako kutaka nyingine kuna kitu kidogo atapata, karatasi atakuachia.

Na bei usikisie kila picha kivyake. Pima urefu mara upana kwa sentimita, zidisha kwa kiwango chako. Picha ya 60 kwa 60 ni 3,600, ukizidisha kwa shilingi 70 inakuja 252,000, karibu sawa na bei ya duka. Ya 90 kwa 60 inakuja 378,000. Zile ndogo za 30 kwa 30 hesabu hiyo itakupa 63,000 na utakuwa umejipunja, kazi ya kuchora kidogo haipungui sawasawa na ukubwa, kwaiyo kwa ndogo panda mpaka 100 iwe 90,000. Mteja akiuliza mbona hii ghali kuliko ile unamjibu bila kusitasita, na hiyo peke yake inamfanya akuamini.

Sasa kwanini nasisitiza jina na mwaka namna hii. We unachora Tingatinga kwaiyo hii historia inakuhusu moja kwa moja. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar kutafuta maisha, akaanza kuchora mwaka 1968 hivi, anatumia vipande vya hadibodi na rangi zile za kupaka baiskeli, mkewe anauza nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kuchora. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, mwaka 1990 wakawa na ushirika rasmi, na leo ukipita kuanzia Slipway ya Dar mpaka Nungwi ya Zanzibar unakuta chui yule yule, ndege wale wale, twiga wamepishana shingo, na mnunuzi hana habari nani kachora ipi. Staili imekuwa maarufu kuliko watu wanaoichora. Zile za mzee mwenyewe zimepanda bei mpaka zikaanza kutokea nyingine zenye sahihi yake ambazo hajawahi kuzishika, na anayezipima anaanza na maswali rahisi tu, ilitoka wapi, ilipita kwa nani, kuna picha yake ya zamani popote? Wewe uko hai na una simu, kila kazi yako inaweza kuwa na ukurasa wenye tarehe. Siku mtu akiiga jahazi lako, na wataiga, una ushahidi kwamba ulilitangulia.

Kufungua chombo chenyewe ndo sehemu rahisi na sitaki upoteze wiki mbili hapo. Blogger ya Google ni bure, WordPress.com nayo ina ya bure, zote mbili unafungua kwa simu. Blogger ni nyepesi na haikusumbui, WordPress ina mambo mengi mazuri ila utaanza kubadilisha rangi na maandishi badala ya kuchora. Chukua Blogger. Ila kitu kimoja lipia toka mwanzo, jina lako la domeini, yaani anuani yako mwenyewe ya mtandaoni, liwe .com au .co.tz, maana hilo ndo unaliandika nyuma ya picha na picha inakaa ukutani miaka thelathini. Ukija kuhama kampuni unahama na jina lako, karatasi za nyuma bado zinafanya kazi. Na jina liwe lako kweli, sio "bagamoyobeautifularts" kitu gani sijui, mtu ananunua kwa mchoraji. Ukishalipia weka kikumbusho cha kulipia tena kila mwaka, na hakikisha limesajiliwa kwa jina na imeili yako, sio ya fundi aliyekusaidia, hiyo imewatesa wengi.

Insta usiifute, endelea nayo, ila ielekeze kwenye blogu. Shida ya Insta ni kwamba picha ya mwezi uliopita imeshazama, alafu akaunti ikidukuliwa au ikafungwa wafuasi wote wameenda na maji. Kile unachokihitaji sana kwenye blogu sio idadi ya wanaoangalia, ni imeili za watu wanaotaka kujua ukichora kipya. Weka sehemu ya mtu kuacha imeili, na dukani weka kadaftari ambapo mgeni anaandika mwenyewe kwa hiari yake. Mara moja kwa mwezi watumie picha mbili tatu mpya kabla hujaziweka wazi kwa wengine. Ukituma kwa Gmail weka anuani zote kwenye BCC, usianike imeili za watu, na anayesema nitoe mtoe siku hiyo hiyo, tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi toka 2022. Watu arobaini waliowahi kushika kazi yako kwa mkono wanazidi wafuasi elfu nne wa Insta, na nimeona hili kwa wachoraji wengi niliowasaidia mpaka sina tena mjadala nalo.

Haya, unaandika nini. Hapa ndo watu wanakwama, anafungua blogu, anaandika "Karibuni kwenye blogu yangu", anaweka picha mbili, kimya mpaka leo. We usijione unaandika blogu. Kila picha ikikauka ipe ukurasa wake, basi. Juu picha, chini jina, vipimo, imechorwa kwenye nini kwa rangi gani, mwaka, bei, ipo au imeuzwa. Alafu aya mbili tatu za hiyo picha inahusu nini, na hapa usiandike maneno ya kwenye vipeperushi vya utalii. Mfano ile picha yako ya jahazi uliyonitumia. Ukiandika "hii picha inaonyesha uzuri wa bahari ya Hindi na utamaduni wa Mswahili" umeandika kitu ambacho kinafaa kwenye picha yoyote ya pwani yoyote. Andika kwamba jahazi hilo linajengwa ufukweni karibu na soko la samaki, kwamba fundi hana mchoro wa karatasi anapima kwa jicho na kamba, kwamba hizo nyuzi nyeupe zinazoonekana katikati ya mbao ni pamba iliyochovywa mafuta wanaigongelea maji yasiingie, inaitwa kalafati, kwamba ulichora saa kumi na mbili jioni ndo maana upande mmoja wa mbavu ni mwekundu. Sasa yule mtu aliyelala Bagamoyo usiku mmoja akielekea Saadani anakumbuka, pale pale alipopita! Anakuwa na cha kuwaambia wageni wake kuhusu picha yake, na usisahau kwamba anayenunua picha ananunua na cha kusimulia.

Kila picha ina kitu kama hicho. Magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, wanawake wanaoanika dagaa, basi la Makumbusho limejaa mpaka mlangoni. Zile za wanyama ni ngumu kidogo na ntakuambia ukweli, kama unachora chui kwa kuwa chui anauzika na hujawahi kuwa na la kusema kuhusu huyo chui, ukurasa wake utakuwa mkavu. Labda hiyo ni dalili. Endelea kuwapelekea duka hao chui walipe kodi ya nyumba, kwenye blogu weka zile ambazo una maneno nazo.

Lugha, umeniuliza ujumbe wa pili. Andika kwanza kwa Kiswahili kama unavyoongea, alafu toa ya Kiingereza fupi chini yake, na Kiingereza mpe mtu anayekijua akupitie, usitupe kwenye tafsiri ya mashine ukaacha hivyo hivyo. Wanunuzi wako wengi watasoma Kiingereza ila Kiswahili usikitoe kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wabongo wenyewe, hoteli za Dar, ofisi, watu wanaotafuta zawadi ya harusi, ndugu zetu walioko Muscat na London ambao picha ya Bagamoyo kwao ni nyumbani. Sababu ya pili ni Google, huko kwenye Kiingereza unashindana na dunia nzima, "picha za kuchora za pwani" unashindana na wachache sana. Na kabla hujapakia picha badilisha jina la faili, isiwe IMG namba namba, iwe jahazi-bagamoyo na jina lako, watu wengi wanatafuta kwa picha na hilo jina linasaidia kuonekana.

Kuhusu upigaji picha nina neno. Ile ya jahazi imepigwa na flashi, kuna doa jeupe juu ya tanga na pembe moja imevutika. Rangi za mafuta za kung'aa ni adui wa flashi. Toa picha nje asubuhi, iweke kivulini barazani, sio juani, isimame wima, simu iwe usawa wa katikati yake, rudi nyuma hatua kadhaa alafu zumu kidogo, ukisogea karibu kingo zinapinda. Weka karatasi nyeupe pembeni ukipiga, ikionekana ya njano kwenye simu ujue rangi zako zote zimehama, rekebisha mpaka iwe nyeupe. Piga ya picha nzima, ya kipande kwa karibu ionekane mipigo ya brashi, ya mgongo na karatasi yake, na moja ikiwa ukutani juu ya kochi mtu apate picha ya ukubwa. Ya kupakia ipunguze, upande mrefu pikseli 1,600 inatosha kwa kuangalia, bando lako halitaisha na mtu akiidaka kuchapishia fulana hapati ubora wa ile kubwa. Ile kubwa baki nayo.

Na hapo kwenye fulana, andika chini kabisa ya blogu kwamba anayenunua picha ananunua picha, haki ya kuichapisha inabaki kwako. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda toka unapomaliza kuchora mpaka miaka 50 baada ya kufa, huhitaji kusajili ndo ulindwe, ila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku ya ugomvi. Hoteli ikitaka kuweka jahazi lako kwenye kadi za menyu hiyo ni biashara nyingine na ina bei yake.

Malipo. Wa ndani ni M-Pesa, Airtel Money, lipa namba, hakuna cha kueleza. Wa nje ndo kuna mtihani, maana akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, kupokea haipokei. Wakenya wanapokea na toka 2018 wanatolea kwenye M-Pesa yao, ndo maana utakuta mtu anakwambia tumia akaunti ya rafiki yangu wa Nairobi. Usifanye hivyo, siku akaunti ikishikwa kwa uchunguzi hela ni ya jina la mwingine na wewe huna pa kulilia. Mzungu mwambie atume kwa WorldRemit au Sendwave, zinaingia moja kwa moja kwenye simu yako, au kwa benki kama ni hela kubwa. Ya benki kwa SWIFT, ule mfumo wa benki kutumiana hela kimataifa, ina makato njiani, kwa picha ya laki mbili na nusu makato yanauma, kwaiyo iache kwa oda za milioni na kwenda juu na andikeni kabisa makato ni ya nani. Bei iandike kwa shilingi. Toka 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu ndani, na mtu wa nje akiona shilingi anajibadilishia mwenyewe kwa simu yake, wala haimsumbui.

Mzigo. Usisafirishe picha ikiwa na fremu labda mteja ang'ang'anie na alipe. Kampuni za vifurushi hazipimi kilo tu, zinapima na nafasi, DHL kwa mfano wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita wanagawa kwa 5,000, ikizidi kilo halisi ndo unalipia hiyo. Picha yenye fremu kwenye boksi la 100 kwa 80 kwa 12 inakuja kilo 19.2 hata kama ukiinyanyua ni kilo sita. Hiyo hiyo ukiikunja kwenye bomba, mzigo wa urefu wa 90 na unene wa 16 pande zote, ni kilo 4.6. Ndo tofauti ya kuuza na kutouza hiyo. Nunua bomba la plastiki la maji machafu la inchi 4, kata, kunja picha kwa NJE ya bomba na upande wa rangi ukiangalia nje, watu wanakunja rangi ndani wanadhani wanailinda, rangi inajibana inakunjamana na kupasuka. Juu ya rangi weka karatasi ile ya kuokea mikate, yale manailoni ya vipovu yasiguse rangi, joto la kwenye ghala linaacha alama za duara picha nzima. Alafu zungushia maboksi matabaka kadhaa, ziba pande zote. Akriliki inakauka siku hiyo hiyo, rangi ya mafuta inakudanganya, juu imekauka ndani bado laini, ipe wiki kadhaa kabla ya kuikunja. Kwenye fomu ya forodha andika kwamba ni mchoro halisi wa mkono uliouzwa na mchoraji mwenyewe, namba ya forodha 9701, usiandike "zawadi" wala "mapambo", nchi nyingi zina unafuu kwa kazi halisi ya sanaa, Uingereza kwa mfano inatoza VAT asilimia 5 badala ya 20. Nenda Posta uulize bei ya EMS, huduma yao ya vifurushi vya haraka, kwa huo mzigo wa mfano kwenda Ulaya na Marekani kabla hujapata oda, uiandike kwenye blogu kama makadirio. Mteja akiuliza nauli ukamjibu kesho kutwa ameshapoa. Wenzako wa vinyago wakikuuliza waambie mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, toka 2017, wao waulize habari ya kibali kwanza.

Mambo ya serikali yapo, sitayakwepa. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui mtandaoni zikataka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, gharama zote wakati huo zilizidi milioni mbili, wengi wakafunga. Zikaandikwa upya 2020 na zimerekebishwa tena baada ya hapo. Blogu ya kuonyesha kazi za mikono yako sio sawa na blogu ya habari, lakini usijihukumie mwenyewe wala usinisikilize mimi, waandikie TCRA barua fupi uwaeleze unaweka nini, jibu lao lihifadhi. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, ni bure, chukua, hoteli na ofisi hazitakulipa bila hiyo. BASATA, baraza la sanaa, nako jisajili kama bado.

La mwisho ni matapeli, na watakuja mapema kuliko wateja, yaani ukiweka tu imeili yako hadharani. Barua zao zinafanana mno. Mke wangu ameona kazi zako amezipenda, tunahamia nyumba mpya, nataka picha tatu, hataji ipi, haulizi ukubwa, habishani bei. Alafu anasema atalipa kwa hundi au kadi, atazidisha hela, ile iliyozidi umtumie wakala wake wa usafirishaji anayekuja kuchukua. Hundi ni feki, inarudi wiki mbili baadae, na wewe umeshamtumia "wakala" hela zako halisi. Hakuna mteja wa kweli anayekuzidishia hela umrudishie mtu wa tatu, hayupo, ukiona hivyo usijibu hata kwa adabu. Mteja wa kweli anasumbua, anauliza hiyo nyekundu ni nyekundu kweli au simu imedanganya, anataka picha nyingine kwa mwanga wa dirishani, anauliza itafika kabla ya Krismasi, anaomba upunguze. Huyo mvumilie. Na hata huyo, mpaka hela uione kwenye salio lako mwenyewe, sio kwenye skrinishoti wala kwenye meseji aliyokufowadia, bomba usilifunge.